Chuo Kidogo Katika Nchi Ngeni

Mzee mmoja wa Liwale ametuandikia barua, nasi twaona ya kuwa neno aliloliuliza si lake peke yake, bali ni la wazee wengi wakaao mbali na miji. Kwa sababu hiyo tumeona vema kumjibu hapa, mbele ya wasomaji wote, badala ya kumjibu kwa siri.

Barua yenyewe ni fupi. Mtoto wa dada yake alimaliza kidato cha nne, akaomba nafasi ya masomo, na sasa amepata jibu kwamba amekubaliwa katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilichoko Mweka, mlimani juu ya mji wa Moshi. Hapana mtu wa kijiji kile aliyepata kusoma huko, wala aliyepata kufika. Babu wa kijana amekataa kabisa. Mama yake hasemi neno, ila chakula hakimpiti. Na ndugu yao mmoja akaaye Dar es Salaam ameleta habari kwamba kijana aende kwake, alale bure, asome katika chuo chochote cha mjini, maana mjini vyuo ni vingi kama maduka. Mjomba wake, ambaye neno lake lina uzito katika nyumba ile, asema kwamba chuo chenyewe asikia ni kidogo, nayo nchi haijui. Je, ampe kijana ruhusa, ama amzuie?

Sisi hatuwezi kumwamulia mtu juu ya mtoto wake. Lakini twaweza kumwonyesha mambo ya kuyapima, na mengine ambayo hayana haja ya kupimwa ingawa watu huyapima sana.

Tuanze na udogo wa chuo, maana hilo ni jepesi. Watu wengi hudhani chuo kikubwa ndicho chuo chema, na kidogo ni cha walioshindwa. Basi na watazame vyuo wanavyovisifu vilianzaje. Makerere, katika nchi ya Uganda, ilipofunguliwa mwezi wa Januari 1922, wanafunzi wake walikuwa 14 tu, nao walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Hata miaka ishirini baadaye kilikuwa bado chuo cha watu wachache, wala hakikuwa chuo kikuu. Kilifungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Walakini vijana wa Tanganyika waliotoka shule ya Tabora walikwenda huko. Walipanda gari la moshi hata Mwanza, wakavuka Ziwa Victoria kwa meli, wakashuka katika nchi ambayo lugha ya wenyeji hawakuijua na chakula chake kilikuwa ndizi asubuhi na jioni. Julius Nyerere alikuwa mmoja wao, akasoma huko tangu 1943 hata 1945. Hapana shaka hata katika nyumba zao walikuwapo wazee waliouliza kama huyu wa Liwale: chuo gani hicho, na nchi gani hiyo?

Tena Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho leo mzazi husikia jina lake akanyanyuka kitini, kilianza mwezi wa Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika nyumba ya chama cha TANU iliyoko mtaa wa Lumumba. Hakikuwa hata na kiwanja chake. Mlimani walihamia mwaka 1964.

Hatusemi kwamba kila chuo kidogo kitakuwa Makerere. Viko vingine ambavyo ni vidogo kwa sababu watu wamevijua, wakavikimbia. Tunalosema ni hili, kwamba udogo peke yake hauelezi lolote, na anayeutaja kana kwamba ni hoja hajaanza bado kupima.

Lililo kubwa ni kuuliza chuo hicho kimekaa pale kwa sababu gani. Swali hili hatulisikii mara nyingi, nasi twaona lingewaokoa wengi. Chuo cha Misitu kiko Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, tangu mwaka 1937, kwa sababu msitu uko pale. Mwanafunzi akitoka mlangoni amekwisha kuingia darasani. Chuo cha Nyuki kiko Tabora, kwa kuwa nchi ile ni ya miyombo, na miyombo ndiyo chakula cha nyuki, nao Wanyamwezi wamerina asali tangu kale. Mambo ya uvuvi hufundishwa Mbegani karibu na Bagamoyo, penye bahari na vyombo. Mtu akisema kwamba vyuo hivi viko porini, amesema kweli, ila hajui kwamba amevisifu.

Na Mweka ni vivyo hivyo. Mwezi wa Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Nyerere alitoa tamko juu ya wanyama wa porini, akakiri kwamba kazi ya kuwahifadhi yahitaji maarifa ya pekee, watu waliofundishwa, na fedha. Miaka miwili haikupita sana, na mwaka 1963 chuo kikafunguliwa pale Mweka, ili Waafrika wenyewe washike kazi ambayo hata wakati ule ilikuwa mikononi mwa wageni. Mahali penyewe palichaguliwa kwa maana. Juu yake ni Mlima Kilimanjaro, na mwendo wa gari wa siku moja wakufikisha Arusha, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, hata Serengeti. Wanafunzi wake hutolewa darasani wakapelekwa porini, wakalala katika mahema, wakahesabu wanyama, wakajifunza nyayo, na mimea, na namna ya kuishi na watu wa vijiji vilivyo mpakani. Wamesoma hapo watu wa nchi nyingi za Afrika. Basi chuo cha namna hii, hata kama majengo yake yangeonekana machache machoni pa mtu wa mjini, darasa lake ni kubwa kuliko mji.

Lakini chuo ambacho ukiuliza mbona kiko pale, hupati jibu illa kwamba kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, au kwamba mwenyewe alikuwa na jengo lililokosa mpangaji, hicho ujihadhari nacho, kiwe kidogo au kikubwa, kiwe karibu au mbali.

Sasa tuje kwa babu. Mjomba ameandika kwamba babu hana sababu, ila ni ukaidi wa uzee. Hapo twamwomba radhi mjomba, maana sisi twaona babu ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote, na mtu asipomjibu kijana ataondoka bila radhi yake. Wazee wa Liwale hawakusahau mambo ya miaka ya 1940, ambapo watu wa upande wa magharibi walihamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale, wakaacha miembe yao na makaburi ya wazee wao, na mapori waliyoyaacha yakaingia katika hifadhi ya Selous. Hata yule Mwingereza Ionides, aliyeitwa Bwana Nyoka kwa sababu ya kukamata nyoka kwa mikono, alikaa Liwale akiwa mkubwa wa mambo ya wanyama, na jina lake bado lasimuliwa. Tangu siku hizo, neno Bwana Nyama katika masikio ya mzee si neno la heri. Kwake ni yule mtu aliyesema kwamba tembo ana haki ya kukaa hapa nawe huna.

Tena tembo wenyewe hawakuacha kuja. Katika wilaya za Liwale, Nachingwea na Tunduru, habari ya tembo kuingia mashambani si habari ya kusoma gazetini. Watu wamelala juu ya vilingo wakipiga madebe, na wako waliouawa. Mzee aliyepoteza shamba la mahindi usiku mmoja, leo aambiwa kwamba mjukuu wake aenda kusomea kuwalinda wale waliolila. Nani asingekataa?

Jibu letu kwa babu ni kwamba sababu hiyo hiyo yaweza kugeuka. Watu wa idara za wanyama watakuwapo, kijana wake akienda au asipoenda. Upande mmoja wa Selous ulifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na kazi ya pande zile yahitaji watu. Je, ni vema watu hao watoke wote katika nchi nyingine, wasiojua Kingindo wala mipaka ya mashamba, au awemo mmoja aliyewahi kulala kilingoni yeye mwenyewe? Kuna mbinu zinazofundishwa siku hizi, kama kuzungushia shamba mizinga ya nyuki, maana tembo huwaogopa, au kutundika kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Hatusemi kwamba mbinu hizi humaliza shida. Twasema kwamba mtu wa kuzileta kijijini, na wa kuandika vizuri dai la mwananchi aliyeharibiwa mazao, ni afadhali awe mtoto wa pale. Mjomba na amwendee babu kwa maneno haya, tena aende na kijana mwenyewe, wala asiende na cheti cha kukubaliwa mkononi kana kwamba shauri limekwisha katika.

Baada ya babu kuna ndugu wa Dar es Salaam. Ndugu huyu ana nia njema, nasi hatumlaumu. Kulala bure ni jambo kubwa, na mtoto kuwa chini ya jicho la ndugu ni jambo kubwa zaidi. Lakini maneno yake kwamba vyuo ni vingi kama maduka yametutia hofu, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kununua katika duka la namna hiyo.

Mdogo wetu alipomaliza shule, tulimchagulia chuo kimoja cha mjini. Tulikichagua kwa kuwa kilikuwa karibu na nyumba yetu, kilikuwa na kibao kirefu chenye rangi nzuri, na karani wa mlangoni alitupokea kwa adabu. Hatukuuliza habari ya usajili. Sisi tuliokuwa tukishinda na mihuri na majalada mchana kutwa, tulimlipia mtoto ada ya mwaka mzima pasipo kuuliza muhuri wa chuo watoka wapi. Mwaka wa pili tukaambiwa kwamba kozi ile haikuwa imepata idhini, na cheti chake hakingepokelewa na mwajiri wa Serikali. Fedha haikurudi. Mdogo wetu alianza upya mahali pengine, akiwa na miaka miwili zaidi na moyo nusu. Twaandika haya ili msomaji ajue kwamba kupotea si lazima uende mbali. Sisi tulipotea umbali wa kituo kimoja cha daladala.

Kwa hiyo jambo la usajili lisiachwe hata kidogo. Katika Tanzania, vyuo vya ufundi na vya kati husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo watu hulitaja kwa kifupi NACTVET. Na vyuo vikuu huangaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Kila mwaka hutolewa kitabu cha mwongozo wa udahili, ambamo chuo kimeandikwa, na kozi zake, na sifa za mwombaji, na ada. Mwalimu yeyote mwenye simu ya mtandao aweza kukitafuta, nasi twawaomba waalimu wasiwachoke wazee wanaokuja kuomba msaada huo. Tena ni lazima kutazama mambo mawili, wala si moja. Chuo chaweza kuwa kimesajiliwa, lakini kozi anayotaka mtoto isiwe na idhini. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ikazuia baadhi ya kozi tu. Vilikuwamo vyuo vyenye majina. Basi jina si hati.

Fedha nayo isitolewe mkononi mwa mtu, hata awe amevaa tai. Chuo cha Serikali hutoa kumbukumbu namba ya malipo, na mzazi hulipa benki au kwa simu akapata stakabadhi. Akitokea mtu asemaye kwamba atamsaidia kijana kupata nafasi kwa haraka endapo atatumiwa kitu kidogo, ajulikane kuwa ni mwizi.

Tukija kwenye gharama, mjomba ameandika ada peke yake, na hapo amehesabu nusu. Kijana wa kidato cha nne kwa kawaida huanza ngazi ya 4, ambayo ni cheti cha awali, akaenda ya 5, kisha ya 6 ambayo ni stashahada. Kila ngazi ni mwaka mmoja. Akitaka kufika stashahada ni miaka mitatu. Kama atarudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, ni safari nne za kwenda na kurudi kila mwaka, yaani safari 12 kwa masomo yote. Na kila safari ni ndefu. Atoke Liwale kwa njia ya Nangurukuru, ambayo wakati wa masika gari hukwama na abiria hushuka kusukuma. Ashike barabara kuu, avuke Rufiji katika Daraja la Mkapa, ambalo tangu lilipofunguliwa mwaka 2003 limetuondolea kungoja kivuko siku nzima. Alale Dar es Salaam. Kisha asubuhi apande basi lingine la Moshi, ambalo peke yake ni zaidi ya kilomita 500. Hapo ndipo ndugu wa Dar es Salaam atakapokuwa na faida ya kweli. Kitanda chake cha bure kitahitajika kila safari, na mjomba amshukuru na kumwomba hicho.

Mbali na nauli kuna yale yaliyoandikwa katika maagizo ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, rimu ya karatasi, nguo na viatu vya porini, uchunguzi wa daktari. Yasomwe yote, mstari kwa mstari, mbele ya watu wawili. Tumeona wazazi wakifika chuoni na ada kamili, wakarudishwa kwa kukosa kipande kimoja cha karatasi ya hospitali.

Na hesabu ya majira ni kubwa kuliko hesabu ya shilingi. Fedha ya korosho huingia baada ya minada kuanza, kuanzia mwezi wa kumi hata karibu na mwaka mpya, ilhali vyuo vingi hufungua milango kabla ya fedha hiyo kufika. Mtu akiweka tumaini lake katika korosho peke yake, mtoto atasimama mlangoni. Wala mnada si ahadi. Wasomaji wa kusini hawakusahau msimu wa mwaka 2018, ambapo wanunuzi na wakulima hawakuafikiana bei, Serikali ikatwaa korosho, na wakulima wengi wakangoja malipo yao muda mrefu. Ufuta ni rafiki wa mwenye mwanafunzi, kwa sababu minada yake huwa katikati ya mwaka. Twamshauri mjomba atenge fedha ya ufuta kwa ajili ya ada ya muhula wa kwanza, aifunge, na korosho ije kulipa muhula wa pili.

Habari ya mikopo, mjomba asiitegemee kwa mwaka wa kwanza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa ikiwatazama wale wa shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kuwakopesha na baadhi ya wanafunzi wa stashahada, lakini ni katika fani zilizochaguliwa, wala si kila mtu. Kijana aulize atakapokaribia ngazi hiyo. Na mkopo ni deni.

Limebaki lile ambalo mama halisemi, yaani ugeni. Ugeni wa Moshi kwa mtu wa Liwale ni wa kweli, wala tusiufiche. Baridi yake ni kali mwezi wa sita na wa saba, ukungu hushuka mlimani hata mtu hamwoni mwenziwe vizuri. Chakula cha wenyeji ni ndizi, nazo huzipika kwa namna nyingi, mtori, machalari, kiburu. Kijana aliyezoea ugali na kisamvu atazikataa wiki ya kwanza, na wiki ya nne ataziomba. Ataona maji yakipita mbele ya nyumba katika mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na wazee wa Kichagga tangu kale, naye atastaajabu. Lugha ya sokoni na ya darasani si shida kubwa, kwa kuwa Kiswahili chafika kote, ila vitabu ni vya Kiingereza, na hapo kijana wa shule ya kijijini huanza nyuma ya wengine. Kama ana miezi miwili kabla ya kuondoka, na asome Kiingereza kila jioni kwa mwalimu wake wa zamani. Hiyo ni mali kuliko sanduku jipya.

Kuna na jambo la dini. Nyumba ile ni ya Kiislamu, na nchi ile ya Uchagga wengi wao ni Wakristo. Sisi tulilelewa katika shule ya misheni, tukalala bweni moja na watoto wa Kiislamu, tena twakumbuka ni nani aliyetuamsha alfajiri kwa udhu wake. Lakini hatusemi kwamba mama asiulize. Na aulize waziwazi: nyama ya chuoni huchinjwa na nani, mwanafunzi hufuturu vipi mwezi wa Ramadhani, na Ijumaa ana nafasi ya kwenda kuswali. Msikiti wapo Moshi mjini, na Waislamu wapo wengi. Mambo haya yakiulizwa kabla, ni maswali. Yakiulizwa baada, ni magomvi.

Na kama aliyepata nafasi angekuwa binti, tungeandika yayo hayo yote, tukaongeza moja tu: ijulikane atalala wapi, bwenini au katika chumba cha kupanga, na kama ni cha kupanga, nani mwenye nyumba.

Jambo ambalo barua haikulitaja hata mara moja ni kijana mwenyewe ataka nini. Tumesoma maneno ya babu, ya mama, ya ndugu na ya mjomba. Ya kijana hatukuyaona. Kazi ya hifadhi si kazi ya kuvaa kofia nzuri. Siku hizi ina nidhamu ya kijeshi, ina usiku wa kulala porini, ina majangili wenye bunduki, na ina siku ambapo utamkamata mtu wa kijiji jirani uliyecheza naye utotoni. Wala cheti hakimpi mtu kazi papo hapo. Nafasi hutangazwa, na waombaji ni wengi. Kijana aambiwe haya yote, kisha aachwe siku tatu, ndipo aulizwe. Akisema ataka kwenda kwa sababu ameombewa na rafiki, au kwa sababu hakupata pengine, mjomba asikilize sana. Akisema ataka kwa sababu ya wale tembo, basi mjomba amekwisha kupata jibu, na sisi hatukuwa na haja ya kuandika yote haya.

Sasa tumjibu mzee wetu kwa kadiri ya yale aliyotuambia. Chuo chenyewe twakijua kuwa ni cha Serikali na cha miaka mingi, na mahali pake pana maana. Udogo wake usimtishe. Mjini asimpeleke kijana kwa ajili ya kitanda tu. Lakini asitoe ruhusa mpaka amekwisha kufanya mambo matatu: kukaa na babu, kumsikiliza kijana, na kuthibitisha katika mwongozo wa udahili kozi iliyoandikwa katika barua ya kukubaliwa. Barua hiyo alituambia ni ya cheti cha awali, ila hakutaja jina la kozi, na kozi za wanyama na za utalii si moja. Mwenye kusomea kuongoza watalii haendi kufanya kazi ile ile ya askari wa hifadhi.

Kama nauli yaruhusu, mtu mzima mmoja amsindikize kijana safari ya kwanza. Afike chuoni, amwone msimamizi wa bweni, aandike namba yake ya simu katika daftari wala si katika simu peke yake, ale chakula cha wanafunzi mara moja, kisha arudi amweleze mama alichokula. Mama hatauliza habari za usajili. Atauliza mtoto alala wapi, na kama kuna blanketi. Na sweta zito kijana asilitafute Liwale, ambako hapana alivaaye. Atalipata la mtumba katika soko la Moshi siku atakayofika, kwa fedha kidogo.